Tua Mzigo wa Kichwani, Tua na wa Moyoni

Ukitaka kujua uzito wa maji usimwulize mtu anayefungua bomba ndani ya nyumba yake. Mwulize mwanamke aliyetoka mtoni. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Mwanamke mwenye uzito wa kilo 55 akijitwika ndoo hiyo, amebeba zaidi ya theluthi moja ya uzito wa mwili wake. Anapanda nayo kilima. Akifika nyumbani anaitua, anashika kiuno, anajinyoosha. Halafu anarudi tena mtoni.

Huo ni mzigo tunaouona kwa macho. Upo mzigo mwingine ambao hauonekani. Mtu amelala chali usiku, macho yako wazi. Anafikiri deni. Anafikiri sare ya shule ya mtoto. Anafikiri maneno aliyoambiwa na shemeji yake wakati wa mavuno ya mwaka juzi. Asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala. Jirani akimwuliza, "Una nini?" yeye anajibu, "Mawazo tu."

Leo katika ukurasa huu wa afya tutazungumza juu ya mizigo hiyo miwili. Tunaizungumza pamoja kwa sababu mtu anayeibeba ni mmoja. Mgongo ukiuma usiku, mawazo huongezeka. Mawazo yakizidi, hata ndoo ndogo huwa nzito.

Watu wengi hudhani kwamba mtu mwenye afya ni yule asiyelazwa hospitali. Shirika la Afya Duniani lina maelezo mengine. Katiba yake, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inasema kwamba afya ni kuwa mzima wa mwili, mzima wa akili, na kuishi vizuri na watu. Kukosa ugonjwa peke yake hakutoshi.

Wazee wa Tanzania wataikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini. Walisikiliza redio, walisoma vitabu, walijadiliana. Kisha walitoka kwenda kuchimba vyoo, kufyeka nyasi na kufukia madimbwi ya mbu. Kazi ile ilihusu magonjwa kama malaria, kichocho, safura na kuhara. Walianza kwa kukaa pamoja na kusema tatizo kwa sauti. Tutaona mbele kwamba njia hiyo inafaa pia kwa mzigo wa moyo.

MZIGO WA KICHWANI

Mwaka 1986 wataalamu waliandika habari za wanawake wa Kenya, Waluo na Wakikuyu. Waluo walibeba mizigo kichwani. Wakikuyu walibeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Wataalamu walipima hewa ambayo wanawake hao walivuta walipotembea na mizigo. Kwa kupima hewa walijua nguvu kiasi gani inatumika. Walikuta jambo la kushangaza. Mwanamke aliyezoea aliweza kubeba mzigo wa hadi sehemu 1 kwa 5 ya uzito wake bila kutumia nguvu zaidi ya ile anayotumia akitembea mikono mitupu.

Tufanye hesabu. Mwanamke wa kilo 55, ukigawanya kwa 5, unapata kilo 11. Basi ndoo ya lita 10 kwake ni karibu na bure. Lakini mzigo ukipita kiasi hicho, kila kilo inayoongezwa inamla nguvu. Ndoo ya lita 20 imepita mbali.

Mwaka 2010 watafiti wa Afrika Kusini waliwapima wanawake wa Kixhosa. Wao hawakuiona faida hiyo. Wanawake walitofautiana sana wao kwa wao. Kwa hiyo asije mtu akasema, "Mama zetu wameumbwa kubeba." Hakuna aliyeumbwa kubeba. Wamezoea tu, na mazoea yana gharama yake. Utafiti mwingine wa Afrika Kusini, katika jimbo la Limpopo, uliwakuta watu wanaochota maji wakilalamika maumivu ya shingo na mgongo.

Shingo ya mtu ina vipande 7 vya mfupa. Katikati yake kuna vitu laini kama vijito, vinavyozuia mifupa isisagane. Mzigo wa kichwani unavibana vyote. Ukibeba siku moja, usiku vinapumzika. Ukibeba kila siku kwa miaka 30, vinachakaa. Ndiyo maana mama wa miaka 50 anashindwa kugeuza shingo vizuri, au anasikia ganzi mikononi.

Hatari ni kubwa zaidi wakati wa kujitwika na wakati wa kutua. Mtu anainama huku magoti yamenyooka, ananyanyua ndoo kwa nguvu ya kiuno, anajipinda. Hapo ndipo kiuno hulia. Njia salama ni hii: chuchumaa, weka ndoo karibu na mwili, nyanyuka kwa nguvu ya miguu. Na kama yupo mtu karibu, mwombe akutwike. Zamani hapakuwa na mwanamke aliyejitwika peke yake kisimani kama wenzake wapo. Hiyo ilikuwa heshima, na ilikuwa pia dawa ya kiuno. Nyumbani vilevile, mtoto mkubwa au baba asimame apokee ndoo. Asisubiri mpaka aitwe.

Mama mjamzito asibebe mizigo mizito, hasa miezi ya mwisho. Mama aliyejifungua karibuni naye apumzishwe. Mwili wake bado unajijenga. Watoto wapewe vyombo vya kadiri yao. Mtoto wa miaka 8 anayekimbia na dumu la lita 10 si mtoto hodari. Ni mtoto aliyetwishwa mzigo wa mtu mzima.

PUNGUZA SAFARI

Dawa ya mzigo ni kuupunguza. Huko Tanzania kuna msemo wa kumtua mama ndoo kichwani. Maana yake ni kuleta bomba au kisima karibu. Kazi hiyo ni ya serikali na ya kijiji pamoja. Lakini wakati mnasubiri bomba, mengi yanaweza kufanyika nyumbani.

Tazama paa lako. Kama ni la bati, umelala chini ya kisima. Mvua hupimwa kwa milimita. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya eneo la mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Sasa chukua nyumba yenye paa la mita 6 kwa mita 5. Eneo lake ni mita 30 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua ya kawaida ya saa chache wakati wa masika, huleta lita 600 juu ya paa hilo. Tuseme sehemu 1 kwa 5 inapotea kwa kuruka na kuvuja. Zinabaki lita 480. Hizo ni ndoo 24 za lita 20. Ndoo 24 zimekuja zenyewe mpaka mlangoni, na wewe umeketi ndani.

Unahitaji mfereji wa bati chini ya ukingo wa paa, na pipa au tangi. Pipa moja la mafuta lina lita 200. Hakikisha halikuwekwa sumu. Maji ya kwanza ya mvua yaachie yamwagike, maana yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Pipa lifunikwe vizuri ili mbu wasizaliane. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Nyumba ya nyasi nayo si ya kutupwa. Maji yake yana rangi, lakini bustani ya mchicha haichagui.

Wenye baiskeli, toroli au mkokoteni wavitumie. Madumu 3 juu ya baiskeli ni lita 60 kwa safari moja, na shingo haijaguswa. Hapa tuna neno kwa akina baba. Mwanamume akisukuma baiskeli yenye madumu, hakuna anayemcheka. Akibeba ndoo moja kumsaidia mke wake, vijana wanacheka. Maji ni yale yale, na wanaoyanywa ni wale wale. Sisi tunaona kicheko hicho ni cha kijinga.

Kuni pia. Kuni mbichi ni nzito kwa sababu zimejaa maji, na moto wake ni moshi mtupu. Zikiachwa zikauke, mzigo unakuwa mwepesi na moto unakuwa mkali. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa, huiva mapema. Sufuria ikifunikwa, kuni hazipotei. Mama anayefanya mambo hayo matatu ataona mwenyewe kwamba mzigo wa kuni unakaa siku nyingi zaidi kuliko zamani.

NYOKA ASIYEONDOKA

Sasa twende kwenye mzigo usioonekana.

Unatembea shambani. Ghafla unamwona nyoka. Moyo unapiga kwa nguvu. Mikono inatoka jasho. Misuli inakaza. Hujafikiri bado, tayari miguu imeruka. Nini kimetokea? Juu ya figo zako kuna tezi ndogo mbili. Ubongo ukiona hatari huziamuru zimwage dawa ya mwili iitwayo adrenalini. Dawa hiyo huingia katika damu, ikauamsha mwili upigane au ukimbie. Ni jambo zuri. Limewaokoa watu wengi.

Nyoka akienda zake, mwili unapoa. Moyo unarudi taratibu. Baada ya muda unacheka na kuwasimulia wenzako.

Lakini deni haliendi zake. Ugomvi na ndugu hauendi zake. Mume mlevi analala humo humo ndani. Ubongo unaviona vitu hivi kama nyoka, na mwili unabaki tayari kukimbia mchana na usiku. Mtu wa namna hii hapati usingizi mzuri. Kichwa kinamwuma, tumbo linamsokota, mabega yamekaza. Presha ya damu hupanda. Anakasirika kwa jambo dogo na kumpiga mtoto bila sababu. Anakwenda zahanati kuomba dawa ya kichwa, anapewa, kichwa kinarudi. Watu wanamwita mvivu. Si mvivu. Nguvu zake zimeliwa na nyoka asiyeondoka.

BENCHI LA BIBI

Nchi ya Zimbabwe ina habari nzuri ya kutufundisha. Huko watu wa lugha ya Kishona wana neno lao, kufungisisa. Maana yake ni kufikiri kupita kiasi. Ni kile kile tunachokiita mawazo.

Yuko daktari wa magonjwa ya akili mjini Harare anayeitwa Dixon Chibanda. Alikuwa na mgonjwa, mwanamke kijana, aliyekuwa akiishi mbali na hospitali. Mgonjwa huyo alitakiwa arudi hospitali, lakini hakuwa na nauli ya basi, dola 15. Hakuja. Alijiua. Habari hiyo ilimwumiza sana daktari. Alijiuliza: madaktari wa akili nchini ni wachache kabisa, wagonjwa ni wengi na wako mbali. Nani atawasikiliza?

Jibu alilipata kwa akina bibi. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, alianza na akina bibi 14 waliokuwa wakifanya kazi za afya katika mtaa. Hawakuwa na chumba, kwa hiyo waliketi nje ya zahanati kwenye benchi la mbao, chini ya mti. Kazi ikaitwa Benchi la Urafiki.

Bibi hana sindano wala vidonge. Kazi yake ya kwanza ni kusikiliza. Kwa Kishona wanaita kufungua fikra. Mtu anaeleza mambo yake yote, bibi hamkatizi, hamcheki, hampi mahubiri. Mambo yakishatoka, bibi anamwuliza lipi aanze nalo. Wanachagua moja tu. Wanatafuta pamoja hatua ndogo ambayo mtu huyo anaweza kuifanya mwenyewe wiki hiyo. Wiki inayofuata anarudi kueleza ilivyokwenda.

Wengine watasema haya ni mazungumzo tu. Basi yalipimwa. Watafiti walichukua watu 573 katika zahanati 24 za Harare. Wengine waliketi na bibi, wengine walipata huduma ya kawaida. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016. Baada ya miezi 6, katika kila watu 100 waliopata huduma ya kawaida, 50 hivi walikuwa bado na dalili za sonona, yaani huzuni nzito iliyo ugonjwa. Katika kila watu 100 walioketi na bibi, waliobaki na dalili hizo walikuwa 14 hivi. Kazi hiyo baadaye ilivuka mipaka. Imefika Malawi, na imefika pia Zanzibar.

Tazama jambo lenyewe lilivyo. Bibi hakumlipia mtu deni, wala hakumpa ndoo ya unga. Tatizo mara nyingi lilikuwapo bado. Lakini mtu alilitua chini akalitazama, na mara likawa na mwanzo na mwisho.

Tuchukue mfano wa kijijini kwetu. Mama mmoja amekwenda kwa shangazi yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

"Nimekonda kweli, shangazi? Ni mambo tu."

"Kaa hapa kwenye mkeka. Niambie hayo mambo."

Mama anaanza. Anadaiwa dukani. Paa linavuja. Mtoto wa pili hasomi vizuri. Mume amekwenda mjini na hapigi simu. Mama mkwe anamsema. Anaeleza mpaka machozi yanatoka. Shangazi anaendelea kuchambua mboga, hasemi kitu isipokuwa, "Ehe," na "Pole, mwanangu."

Mwisho shangazi anauliza, "Katika hayo yote, lipi linakunyima usingizi zaidi?"

"La dukani. Nikipita pale nazunguka njia ya nyuma."

"Unadaiwa kiasi gani?"

Mama ananyamaza. Hajui. Amekuwa akiogopa hata kuuliza.

"Basi kesho tutakwenda wote wawili," anasema shangazi. "Hatuendi kulipa. Tunakwenda kuuliza tu."

Angalieni hekima ya shangazi huyu. Hakusema, "Usijali, Mungu atasaidia," akaishia hapo. Hakusema, "Mimi mbona nilipata shida kuliko wewe." Na hakutoa siri hiyo kisimani. Jambo hili la mwisho tunalisisitiza. Ukisikiliza mzigo wa mtu kisha ukautangaza, umemtwika mwingine.

DAFTARI NA KALAMU

Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika una chombo kingine. Usiku mawazo yakikushika, chukua daftari. Andika kila kinachokusumbua, kila jambo mstari wake. Usijali mwandiko. Hakuna mwalimu atakayesahihisha. Wengi wakimaliza hushangaa: walidhani matatizo ni mia, kumbe ni 6 au 7.

Sasa weka alama mbele ya yale ambayo unaweza kuyafanyia kitu. Paa linalovuja, weka alama. Mvua kuchelewa, usiweke. Mvua haina masikio. Mama mkwe atakavyosema, usiweke, mdomo ni wake. Katika yale yenye alama chagua moja, uandike chini yake utafanya nini na siku gani. Kisha funga daftari ulale. Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi kila usiku. Akina mama wengi wanalala wa mwisho na kuamka wa kwanza, na hesabu haifiki hapo hata kidogo. Kama ndivyo ilivyo nyumbani kwako, basi hilo ndilo liwe jambo la kwanza kuwekewa alama, na lijadiliwe na familia nzima.

Deni tunalitaja tena kwa sababu huwanyima watu wengi usingizi. Tanzania imezuka mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina: kausha damu. Tufanye mfano. Umekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 30 kila mwezi. Kila mwezi unalipa riba shilingi 30,000. Baada ya miezi 3 umetoa shilingi 90,000, na zile 100,000 bado zinadaiwa zote. Kabla hujaweka dole gumba au sahihi, uliza: riba ni ya mwezi au ya wiki? Nikichelewa, nini kinachukuliwa? Soma karatasi yenyewe. Ndiyo faida ya kisomo. Kama umeshaingia, usikope kwa mwingine ili umlipe huyu. Mwambie mwenzako wa nyumbani ukweli. Deni la siri huwa na uzito mara mbili. Nenda kwa anayekudai kabla hajaja yeye, mpange kiasi kidogo kidogo.

Kinyongo nacho ni mzigo. Mtu aliyekukosea mwaka juzi pengine amelala anakoroma, wewe uko macho unamjibu gizani. Kusamehe si kusema kwamba alifanya vizuri. Wala si lazima umrudishie ng'ombe wako amchunge tena. Ni kukataa kumbeba.

Pombe haitui mzigo. Inaufunika mpaka asubuhi. Mtu aliyekunywa hulala haraka, lakini usingizi wake hukatikakatika, na asubuhi deni la kilabuni limeongezwa juu ya madeni mengine. Kazi ya mikono ya kadiri, kutembea, kuimba kwaya au kupiga ngoma na wenzako husaidia zaidi. Tena mtu akaapo na watu, nyoka wake husinyaa.

UCHOVU USIO WA MAWAZO

Hapa tuangalie sana, tusije tukamwambia mgonjwa kwamba ana mawazo tu.

Uchovu mwingine unatokana na upungufu wa damu. Mtu anahema akipanda mlima mdogo. Viganja na sehemu ya ndani ya macho vimekuwa vyeupe. Huenda ana safura, minyoo midogo inayokaa tumboni na kunyonya damu. Huenda ana malaria. Huenda ni mama anayetoka damu nyingi kila mwezi. Uchovu pamoja na kikohozi cha wiki 2 au zaidi, kukonda na jasho la usiku, huenda ni kifua kikuu. Uchovu pamoja na kiu kubwa na kukojoa mara nyingi, huenda ni kisukari. Virusi vya Ukimwi pia huanza kwa baadhi ya watu kwa uchovu. Yote haya yana vipimo, na yana matibabu. Nenda zahanati upimwe.

Na huzuni pia inaweza kuwa ugonjwa kamili. Kama kwa wiki 2 au zaidi mtu ana huzuni kila siku, hafurahii hata vitu alivyovipenda, hali, halali, anajiona hana maana, huyo apelekwe kwa mganga wa zahanati kama vile ungempeleka mwenye homa. Dawa zipo na ushauri upo.

Mtu akisema maneno kama "Heri nife," usimcheke na usimgombeze. Mwulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafuu kwamba mtu ameona. Usimwache peke yake. Dawa ya kuulia wadudu wa pamba au mahindi itolewe ndani ya nyumba, iwekwe kwa jirani. Kisha nendeni zahanati siku hiyo hiyo, msisubiri siku ya kliniki.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

Nyumba yenu ina paa la mita 8 kwa mita 5. Imenyesha mvua ya milimita 10. Ni lita ngapi zimeanguka juu ya paa? Ni ndoo ngapi za lita 20?

Katika kijiji chenu, nani anachota maji, nani anakata kuni, na nani anapumzika jioni? Hesabuni saa za kila mmoja.

Ni mzee gani kijijini ambaye watu humwendea na mambo yao, na hayatoki nje? Je, ana mahali pazuri pa kuketi na mtu bila kusikiwa na wapita njia? Kama hana, mbao za benchi ni ngapi, na nani atazipiga misumari?